Dripu ya 0.9% ni dhaifu kuliko ya 5%? Jibu kuhusu maji ya chumvi ya hospitali na ya nyumbani

Swali: *Mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 67, alilazwa kwa kuharisha na kutapika. Nilipokuwa nikimwuguza niliona chupa ya dripu yake imeandikwa Sodium Chloride 0.9%, na ya mgonjwa wa kitanda cha pili imeandikwa Dextrose 5%. Nilimwuliza muuguzi kwa nini sisi tumepewa ya asilimia ndogo hivyo, akacheka na kusema zote ni sawa. Zitakuwaje sawa? Kijana wangu wa Kidato cha Tatu naye anasema kwa hesabu za kemia, kitu kinachoitwa "normal saline", jina jingine la dripu hii ya 0.9%, kingepaswa kuwa na gramu 58 za chumvi kwa lita. Isitoshe, mama ana presha na miaka yote tumemkataza chumvi, leo anamiminiwa chumvi kwenye mshipa. Na kwa kuwa ni maji na chumvi tu, je, siwezi kutengeneza nyumbani nikamsafishia mama kidonda chake cha mguu, nikamtilia mwanangu wa miezi minane puani anapoziba kwa mafua, na hata kumnywesha mama siku nyingine akiharisha, badala ya kulipia dripu?*

Jibu: Pole kwa kuuguza, na umefanya vyema kuigeuza chupa na kuyasoma maandishi yake, jambo ambalo jamaa wengi wa wagonjwa hawalifanyi. Muuguzi alikujibu sawasawa, ila hakukufafanulia. Nikikuelewa vizuri, umeichukulia asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kuwa ni kipimo cha nguvu ya dawa, kwa hiyo unaona aliyepewa 0.9 amepunjwa na aliyepewa 5 amependelewa. Ukilielewa vizuri jambo hili moja, maswali yako mengine yote, la presha, la kidonda, la pua na la kunywa, yatajibika kwa urahisi zaidi.

Asilimia ya kwenye chupa za dripu ni uzito kwa ujazo, ndiyo maana mara nyingi hufuatwa na herufi w/v. Inataja idadi ya gramu za kitu kilichoyeyushwa katika kila mililita 100 za maji yaliyokwisha kutayarishwa. Chupa ya mama ilikuwa na gramu 0.9 za chumvi katika kila mililita 100, yaani gramu 9 kwa lita. Chupa ya jirani ilikuwa na gramu 50 za glukosi kwa lita, kwa kuwa dekstrosi ni jina jingine la sukari iitwayo glukosi. Kwa mizani ya dukani ile ya pili ni nzito mara tano na zaidi. Lakini mwili haupimi gramu. Unachokihisi ni idadi ya chembe zilizoyeyuka ndani ya maji, na hapo hesabu inabadilika kabisa.

Molekuli ya glukosi ni kubwa: moli moja yake (moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabia chembe) ina uzito wa gramu 180. Moli moja ya chumvi ina gramu 58.44 tu, na chumvi ina tabia nyingine ambayo sukari haina, kwamba ikishayeyuka hugawanyika kuwa ayoni mbili, yaani chembe mbili zenye chaji ya umeme, ya sodiamu na ya kloridi. Mwambie kijana wako achukue kalamu. Gramu 9 ukizigawa kwa 58.44 unapata moli 0.154, yaani milimoli 154, na kwa kuwa kila moja inazaa chembe mbili, lita moja ya maji ya chumvi ya 0.9% ina milimoli 308 za chembe. Gramu 50 za glukosi ukizigawa kwa 180 unapata milimoli 278, na hazigawanyiki. Chembe 308 dhidi ya 278: hivyo ndivyo 0.9 na 5 zinavyokaribiana. Maji ya damu ya mtu mwenye afya nayo yana takriban milimoli 275 hadi 295 za chembe kwa kila kilo ya maji. Akikuuliza mbona 308 imezidi kidogo, mjibu kwamba ayoni za sodiamu na kloridi huvutana, hazitengani kikamilifu kama hesabu ya daftarini inavyodhani, na ukipima kwa chombo unapata kama 286, katikati kabisa ya kiwango cha damu. Siku nyingine ukiuguza, tafuta mistari midogo chini ya jina la dawa. Mara nyingi utakuta imeandikwa sodiamu 154 na kloridi 154 kwa lita. Mimi huisoma hiyo kabla ya asilimia.

Kwa nini idadi ya chembe ina uzito mkubwa hivyo? Kwa sababu seli za mwili zimefungwa kwa utando unaopitisha maji kwa urahisi lakini unazuia chumvi, na maji hukimbilia upande wenye chembe nyingi. Hii ndiyo osmosisi, na umeiona jikoni kila unapotengeneza kachumbari: vitunguu ulivyonyunyizia chumvi hutoa maji na kulegea, kwa sababu chumvi ya nje imeyavuta maji yaliyokuwa ndani ya seli zake. Seli nyekundu za damu zikiwekwa ndani ya maji matupu hunywa maji mpaka zinapasuka. Katika maji ya chumvi ya 0.5% baadhi yake huanza kupasuka, na yakishuka hadi karibu 0.3% takriban zote zimekwisha. Katika maji ya chumvi ya 3% hupoteza maji na kujikunja. Katika 0.9% hukaa zilivyo. Mtaalamu wa Kiholanzi, Hartog Jakob Hamburger, ndiye aliyezifanyia seli za damu majaribio ya namna hii mwishoni mwa karne ya 19, na kiwango cha 0.9 kilitokana na kazi hiyo. Hakikuchaguliwa kwa kuwa ni kidogo au kikubwa. Kilichaguliwa kwa kuwa kinalingana na damu.

Utaona basi kwamba kuomba dripu "yenye asilimia kubwa zaidi" ni kuomba madhara. Maji ya chumvi ya 3% yapo hospitalini, lakini hutumika kwa mgonjwa ambaye sodiamu ya damu yake imeshuka vibaya mpaka ubongo unavimba na anapata degedege. Humiminwa kwa mililita chache zinazohesabiwa, damu ikipimwa mara kwa mara, kwa sababu kuipandisha sodiamu haraka mno kunaweza kuharibu sehemu za ubongo zisipone tena. Kwa upande wa pili, maji matupu yaliyosafishwa, hata yawe safi namna gani, hayamiminwi mshipani peke yake, kwa sababu ile ile ya seli kupasuka.

Kuhusu hoja ya kijana wako, kikemia yuko sahihi na asivunjwe moyo. Lita moja yenye moli nzima ya chumvi ingekuwa na gramu 58.44, na hiyo ni chumvi nyingi kuliko ya bahari, ambayo ina takriban gramu 35 kwa kilo moja ya maji. Jina la dripu halikutokana na hesabu hiyo. Ni mazoea ya matabibu ya tangu zamani, na wakemia hulilalamikia mpaka leo. Akitaka kuitengeneza katika maabara ya shule, apime gramu 9.0 za sodiamu kloridi, aziyeyushe katika maji kiasi ndani ya chupa ya kipimo, kisha aongeze maji mpaka yafike kwenye alama ya lita moja. Asichukue lita nzima ya maji na kuitilia gramu 9, kwa sababu chumvi nayo inaongeza ujazo. Katika ukolezi mdogo kama huu tofauti ni ya mililita chache, lakini akizoea njia mbaya itamponza atakapotengeneza myeyusho wa 20%. Na akiwa na myeyusho wa 5% akataka mililita 500 za 0.9%, azidishe 0.9 kwa 500, agawanye kwa 5, apate 90: achukue mililita 90 za ule mkali, aongeze maji mpaka 500. Hayo ni ya maabara, si ya kumwekea mtu yeyote mwilini.

Sasa, kama chupa zile mbili zinalingana kwa idadi ya chembe, mbona madaktari hawazitumii kiholela? Kwa sababu usawa wao ni wa ndani ya chupa. Zikishaingia mwilini kila moja inashika njia yake. Glukosi huchukuliwa na seli na kuchomwa kuwa nishati, kinachobaki ni maji, na maji hayo husambaa mwili mzima, mengi yakiingia ndani ya seli. Sodiamu haichomwi, na seli huisukuma nje muda wote, kwa hiyo maji ya chumvi hubaki nje ya seli. Katika lita moja, baada ya saa moja hivi, takriban robo hubaki ndani ya mishipa na iliyosalia hukaa katika nafasi zilizopo kati ya seli. Mama yako alikuwa amepoteza maji pamoja na chumvi kwa kuharisha na kutapika, na mishipa yake ilikuwa imepungukiwa. Alihitaji kitu kitakachokaa kwenye mishipa. Angemiminiwa Dextrose 5% peke yake kwa wingi, maji yangezama kwenye seli, presha isingeinuka vya kutosha, na sodiamu ya damu ingeshuka. Jirani yake sina habari zake, ila huenda alikuwa na sukari ya chini, au hakuwa akila.

Tiba hii ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoikumba Uingereza, daktari kijana William O'Shaughnessy aliipima damu ya wagonjwa na kuonyesha kwamba imepoteza maji na chumvi, na mwaka huo huo daktari wa mji wa Leith huko Scotland, Thomas Latta, akaanza kuwamiminia maji ya chumvi mshipani. Baadhi waliokuwa wakikata roho waliinuka mbele ya macho yake. Wengine walifariki baadaye, maana maji yake yalikuwa hafifu kuliko damu na hakuna aliyejua wakati ule kuyatakasa vijidudu. Kasoro hizo mbili, ukolezi usio sahihi na uchafu, ndizo zile zile zitakazotukabili hapa chini tutakapozungumzia maji ya chumvi ya nyumbani.

Nije kwenye presha, ambako wasiwasi wako una msingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Lita moja ya dripu ya mama ina gramu 9. Kama alimiminiwa lita mbili, hizo ni gramu 18, na si jambo dogo. Lakini siku ile hakuwa mtu mwenye chumvi ya kawaida mwilini. Alikuwa na deni, na dripu ililipa deni. Katazo la chumvi mezani limewekwa kwa mtu ambaye figo zake zinapata maji ya kutosha na hapotezi chochote. Mtu anayeharisha maji kwa wingi hupoteza sodiamu nyingi, na kumnyima kwa kuwa ana presha ni kumwacha aishiwe nguvu, presha ishuke kupita kiasi na figo zikose damu. Deni likishalipwa, yaani mgonjwa anakojoa vizuri, ulimi una unyevu na anakunywa mwenyewe, dripu inapaswa kuondolewa. Hapo ndipo makosa hutokea, chupa inapoongezwa kwa mazoea tu kwa kuwa sindano bado ipo mkononi.

Wenye moyo dhaifu au figo mbovu huelemewa haraka zaidi. Ukiwa karibu na mgonjwa wa namna hiyo anayemiminiwa dripu, ukaona anaanza kupumua kwa shida, anakohoa akilazwa chali, au miguu na uso vinavimba, mwite muuguzi papo hapo, usisubiri chupa iishe. Na hata kabla ya dripu kuanza, taja dawa zote za presha anazotumia. Zile za kukojoza, na nyingine kadhaa zinazogusa figo, mara nyingi daktari huzisimamisha kwa muda wakati wa kuharisha sana, na hawezi kufanya hivyo asipojua zipo.

Nitaongeza jambo moja ambalo wagonjwa huniuliza kwenye duka la dawa, kwamba ikiwa dripu ya 0.9% ina kloridi 154 na damu ina takriban 96 hadi 106, je, hiyo nayo si kasoro? Ndiyo, ni kasoro, na ndiyo sababu yapo maji mengine yaitwayo Ringer's lactate, yaliyo na sodiamu kama 130, kloridi kama 109, potasiamu kidogo na laktati. Chupa nyingi za maji ya chumvi zikifuatana huweza kuifanya damu ielemee kwenye asidi. Kwa mgonjwa wa kuharisha sana Ringer's huwa chaguo zuri zaidi likipatikana. Kwa chupa moja au mbili tofauti haitamdhuru mama.

Hujauliza kuhusu dripu ya nguvu, lakini swali lako linakaribia huko, na nimewaona watu wengi wakitundikiwa dripu kwa uchovu tu kwenye vyumba vya nyuma vya maduka ya dawa. Chupa ya mililita 500 ya Dextrose 5% ina gramu 25 za sukari. Hiyo ni pungufu ya soda moja ya chupa. Ile ya chumvi haina nishati hata kidogo. Nafuu anayoihisi mtu mara nyingi ni ya kulala chini kwa saa mbili na kupata maji, na maji yapo kwenye kikombe. Tena kumiminiwa bila sababu kuna hatari zake. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, ukiongozwa na Kathryn Maitland, ambao ulihusisha watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Waliomiminiwa maji ya chumvi kwa haraka, asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Waliomiminiwa maji ya albumini (protini ya damu) kwa haraka ni asilimia 10.6, na wale ambao hawakumiminiwa kwa haraka ni asilimia 7.3. Matokeo hayo yaliwashangaza hata waliofanya utafiti. Angalia lakini usiyanyooshe kupita mpaka wake: watoto wa kuharisha na kutapika hawakuhusishwa katika utafiti huo, na mtoto aliyekaushwa na kuharisha bado anahitaji maji, tena upesi.

Na maji hayo kwa wengi huingia vizuri kwa mdomo, kwa hiyo kwenye swali lako la mwisho nakujibu ndiyo na hapana. Ndiyo, mama anaweza kunyweshwa nyumbani badala ya dripu, maadamu ana fahamu, anameza na hatapiki kila kinachoingia. Hapana, asinyweshwe maji ya chumvi ya 0.9%. Utumbo una lango linalopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Mwanabiokemia Robert Crane alilieleza hilo mwaka 1960. Lango hilo huendelea kufanya kazi hata mtu anapoharisha kwa kipindupindu. Chumvi bila sukari hupita kwa shida na mtu huendelea kuharisha. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu wakati wa kipindupindu akawanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, na vifo vikapungua kwa kiwango ambacho wakubwa wake hawakukitarajia.

ORS ya pakiti, yaani unga wa chumvi na sukari unaoyeyushwa katika maji ya kunywa, imejengwa juu ya elimu hiyo. Tangu mwaka 2002 fomula yake kwa lita moja ni gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za potasiamu kloridi na gramu 2.9 za sitrati, na jumla ya chembe ni milimoli 245. Ya zamani ilikuwa 311. Waliishusha makusudi iwe hafifu kidogo kuliko damu, ili maji yavutwe kuelekea mwilini. Ndiyo maana kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti ni sehemu ya dawa yenyewe: ukiiyeyusha pakiti ya lita moja katika nusu lita ili "ikolee", umeongeza ukolezi mara mbili na unayavuta maji kutoka mwilini kwenda tumboni. Zipo pia pakiti za ujazo mdogo, basi soma kabla ya kuchanganya. Soda na juisi ya dukani, ambazo zina sukari nyingi mno, huleta kasoro hiyo hiyo.

Pakiti ikikosekana, tumia lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko hivi visawazishwe kwa mgongo wa kisu, visiwe na kilima juu. Tumia chumvi laini ya pakiti yenye madini joto, wala madini joto hayadhuru. Chumvi ya mawe haijazi kijiko sawasawa kwa sababu ya nafasi kati ya punje, kwa hiyo vipimo hivi havimfai anayeitumia. Yaonje kabla ya kumpa mgonjwa, na yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwage uanze upya. Yasikae zaidi ya saa 24. Mtoto anayeharisha apewe pia zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kama hajafikisha miezi sita.

Kwa kunawisha kidonda na kusafisha pua, kipimo ni kingine, na hapa nakuomba uwe makini sana. Kijiko cha chai cha chumvi laini kikisawazishwa kina takriban gramu 6, kwa hiyo kijiko kimoja na nusu katika lita moja ya maji hukupa takriban 0.9%. Linganisha na kile cha kunywa: nusu kijiko dhidi ya kijiko kimoja na nusu, ni mara tatu. Ukiviweka vyote katika chupa za maji zinazofanana, kuna siku mtoto atanyweshwa ile ya kidonda, na watoto wadogo wamewahi kupoteza maisha kwa maji ya kunywa yaliyotiwa chumvi kupita kiasi. Andika kwenye chupa, au bora utengeneze kidogo na kumwaga kinachobaki. Kwa sababu hiyo hiyo, usimnyweshe mtu yeyote maji ya chumvi kali ili atapike sumu.

Usitegemee pia kwamba maji haya yanaua vijidudu. Najua wazo linatoka wapi: ng'onda hukaa miezi bila kuoza kwa sababu ya chumvi. Lakini samaki yule amezikwa katika chumvi inayokaribia kiwango cha juu kabisa ambacho maji yanaweza kuyeyusha, karibu 26% kwa uzito. Bakteria wa *Staphylococcus aureus*, ambao ni wakazi wakubwa wa vidonda, wataalamu huwaotesha maabara katika chakula chenye chumvi ya 7.5% ili kuwatofautisha na wenzao, na wanastawi. Katika 0.9% wamo nyumbani. Kazi ya maji haya ni kusukuma uchafu bila kuchoma nyama changa, na kuyaongezea chumvi ili "yaue" ni kumwumiza mama na kuchelewesha kupona. Maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa, bila chumvi yoyote, husafisha kidonda vizuri vile vile. Chupa ya hospitali iliyokwisha kufunguliwa nayo isiwekwe akiba kwa wiki nzima kwa kuwa "ni dawa".

Kwa pua ya mtoto wa miezi minane ningependa ununue matone ya maji ya chumvi kwenye duka la dawa, kwa sababu bei yake si kubwa na yametakaswa. Ukilazimika kutengeneza, maji yachemke kwa nguvu dakika moja nzima, au dakika tatu kama unaishi nyanda za juu zaidi ya mita 2,000, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yatumike siku hiyo hiyo. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasipelekwe ndani ya pua ya mtu yeyote, kwani kuna amiba adimu, *Naegleria fowleri*, anayepitia huko kwenda kwenye ubongo, na wengi anaowapata hawaponi. Matone mawili au matatu kila tundu kabla ya kunyonya yanatosha. Machoni na kwenye lenzi za macho usitumie ya nyumbani kabisa.

Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kungoja ikiwa anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, anakataa kunyonya, amelegea au ana homa. Mama naye akiharisha tena, arudi hospitali akiwa na macho yaliyozama, hajakojoa kwa saa sita hadi nane, anachanganyikiwa, anatapika kila anachokunywa, au kuna damu kwenye choo. Kidonda chake hukusema kina muda gani. Kama kimepita wiki mbili bila kufunga, kinatoa harufu, kingo zake zimegeuka nyeusi, au mguu wenyewe ni baridi au hauna hisia, basi usiendelee kukinawisha nyumbani tu. Apimwe sukari ya damu na mzunguko wa damu wa miguu, na uulize wakati huo huo kama kuna kliniki ya vidonda katika hospitali ya wilaya yenu.